Saa Mbili za Mwanahawa

Khatibu alimkana Asnath mchana kweupe, mbele ya wafanyabiashara wapatao arobaini, katika ukumbi mmoja wa mikutano mjini Kasulu. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka 2012. Alikuwa amesimama mbele na projekta, akiwaonyesha mfumo wa kompyuta wa kutunza mali ya duka: kilichoingia, kilichouzwa, kilichobaki. Mfumo huo aliuandika Asnath. Alikaa nao mwaka mzima na nusu katika chumba cha nyuma cha duka la Khatibu la kompyuta na fotokopi, jirani na stendi, kwa mapatano ya mdomo tu: yeye aandike, Khatibu atafute wanunuzi, watakachopata wagawane. Siku hiyo mzee mmoja muuza vitenge aliuliza kama yule binti aliyekaa mstari wa mbele ndiye fundi mwenyewe.

Khatibu alicheka. "Huyu? Huyu ananichapia barua tu."

Ukumbi ukacheka naye, si kwa ubaya, ila kwa kuwa mwenye projekta amecheka. Asnath naye akatabasamu. Tabasamu lile lilimuuma baadaye kuliko hata maneno ya Khatibu. Hakuelewa kwa nini mdomo wake ulimtii yule bwana. Jumatatu alipofika kazini alikuta kufuli jipya mlangoni. Khatibu aliongea naye kupitia dirisha, yeye ndani, Asnath nje, akamwambia kazi za kuchapa zimepungua.

Asnath alikuwa na miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Nyakitonto, mtoto wa mkulima wa kahawa na maharage aliyeuza ng'ombe wawili ili bintiye akasome kompyuta Mwanza. Alirudi nyumbani akakaa siku nne. Mama yake alimsihi amwachie Mungu. Asnath aliitikia kwa heshima, lakini jambo hilo hakumwachia Mungu. Siku ya tano alirudi mjini, akapanga chumba cha biashara ng'ambo ya barabara, mlango wake ukitazamana na mlango wa Khatibu. Alinunua daftari, akaandika ndani yake majina ya wateja tisa wa Khatibu. Jina lingine hakuandika.

Mchana aliwachapia watu barua za kuomba kazi na malalamiko ya mashamba, maana lazima ale. Alfajiri aliuandika mfumo upya, kutoka kichwani. Mwenye duka la dawa alipomfuata akitaka mfumo huo, tena yuko tayari kulipa palepale, Asnath alimwambia asubiri. Yule hakuwa mteja wa Khatibu; kumpata kusingempunguzia Khatibu kitu.

Wakati huo Khatibu alikuwa ameongeza jambo jipya katika biashara yake: mtandao. Kila aliyelipia alitengenezewa tovuti yenye picha ya duka lake, bei na namba ya simu, ili, kama alivyopenda kusema, hata mtu aliyeko Dubai alione. Wafanyabiashara walifurahi. Kwa mwezi hivi walionyeshana kwenye simu zao. Kisha hakuna aliyezifungua tena, na muda wa kulipia mwaka wa pili ulipofika wakaanza kumkwepa Khatibu wakimwona barabarani.

Asnath alitaka kujua kwa nini. Alianza na Abbasi, jina la kwanza katika daftari. Abbasi aliuza mbegu, mbolea na majembe. Duka kubwa lilikuwa Kasulu na dogo Kibondo, nusu siku kwa barabara ya udongo, siku nzima mvua ikinyesha. Asnath hakumwuzia kitu. Alikunywa naye kahawa, akamwuliza tovuti inamsaidia nini.

Abbasi alifikiri kidogo. "Binti yangu, mimi sitaki dunia ilione duka langu," alisema. "Nataka nilione mimi."

Akaeleza kwamba akiwa Kasulu haijui Kibondo. Akipiga simu anaambiwa mbegu zipo, kumbe zimekwisha juzi na wakulima wameshapanda za jirani. Akipeleka gari la mbolea anakuta ya mwezi uliopita bado imejaa stoo. Picha ya duka anayo kichwani. Anachokosa ni kujua kilicho ndani yake leo.

Asnath alitoka pale akitembea haraka. Miezi mitatu hakufanya kingine. Akauunganisha mfumo na mtandao kwa namna ambayo Khatibu hakuwa ameiwazia: muuzaji wa Kibondo akiingiza mauzo kwenye laptopu ya duka, mauzo yanapita kwenye modemu, na mwenye duka aliyeko Kasulu anafungua simu yake anaona bidhaa iliyotoka na saa iliyotoka. Na kwa kuwa Kibondo mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka, aliufundisha mfumo kuyatunza mauzo na kuyatuma wenyewe mtandao ukirudi. Ukurasa ulikuwa mbaya kwa sura, herufi nyeusi kwenye weupe, hauna picha hata moja. Abbasi aliutazama kwenye simu yake kwa dakika kumi, akalipia mwaka mzima kabla Asnath hajamaliza maelezo.

Basi wateja wakaanza kuvuka barabara. Wa pili, wa tatu, wa nne, nao wote wenye duka la pili Kibondo. Kila mteja alipokubali, Asnath alimsindikiza hadi nje kabisa na kumpa mkono mahali ambapo Khatibu, akiwa mezani kwake, angewaona vizuri. Mara nyingine alimshika mteja kwa maneno ya ziada ili mkono ukae. Khatibu alishusha bei, kisha akatoa tovuti bure, kisha akamtuma mtu kuuliza Asnath anataka nini. Asnath alijibu kwamba yeye anachapa barua tu. Mwanzoni mwa 2014 majina manane kati ya tisa yalikuwa yamepigwa mstari.

La tisa lilikuwa la Mansuri.

Mansuri aliuza vifaa vya ujenzi, bati, saruji, misumari, rangi, na alikuwa mjomba wa Khatibu. Hata jengo lenye duka la Khatibu lilikuwa lake. Asnath alipomwendea mara ya kwanza, mzee alimkaribisha vizuri, akamwagizia soda, akamwambia kwamba hawezi kumvua nguo mtoto wa dada yake mbele za watu. Mara ya pili hakuagiza soda.

Lakini Mansuri naye alikuwa na duka Kibondo, na muuzaji wa duka hilo, Mwanahawa, alikuwa rafiki wa Asnath.

Walijuana tangu safari ya kwanza ya Asnath kwenda Kibondo, nyumba za wageni zilipokuwa zimejaa na Mwanahawa akamwona amesimama na mabegi sokoni. Tangu hapo akija Kibondo alilala kwake. Mwanahawa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mjane, aliyekaa katika duka la Mansuri miaka kumi na mmoja. Ndiye aliyemfundisha Asnath jinsi duka linavyouza kweli: kwamba misumari watu hununua robo kilo, kwamba mtu huyapima mabati kwa macho kabla hajataja idadi, kwamba muuzaji mwenye wateja wanne mbele yake hawezi kujaza visanduku kumi na viwili kwenye kompyuta. Asnath alivifanya viwe vitatu. Nusu ya uzuri wa mfumo wake ilitoka jikoni kwa Mwanahawa, wakichambua mboga.

Ndani ya nyumba hiyo alilala mama yake Mwanahawa, aliyepigwa na kiharusi. Kila siku saa sita Mwanahawa alifunga duka, akaenda nyumbani, akamlisha mama, akamgeuza, akamwosha, na saa nane akafungua tena. Wateja wa Kibondo walijua. Aliyetaka saruji saa saba alisubiri au alirudi. Asiyejua alikuwa Mansuri peke yake, kwa sababu Mwanahawa aliogopa kwamba akimwomba ruhusa atamletea mtu mwingine.

Mwezi wa pili Asnath alimwomba Mwanahawa ajaribu mfumo kwa wiki moja katika duka la Mansuri, bila kumwambia mzee, ili apate cha kumwonyesha. Mwanahawa aliishika modemu aliyoletewa, akaigeuzageuza.

"Na mimi nitaonekana humo?"

"Itaonekana mizigo tu, dada," alisema Asnath.

Mwanahawa akaichomeka modemu kwenye kompyuta.

Wiki ilipokwisha, Asnath alimjaribu Mansuri kwa mara ya tatu, safari hii akimwita kwenye chumba chake cha biashara, akaweka simu mezani. Mzee alisoma mauzo ya duka lake la Kibondo kama mtu anayesoma barua ya mtoto aliye mbali. Alijua bati ngapi zimetoka Jumanne. Alijua rangi nyeupe imekwisha. Hata hivyo akaisukuma simu taratibu, akasema ni kazi nzuri sana, lakini Khatibu ni damu yake.

Asnath aliona jina la tisa linamponyoka. Ng'ambo, mlangoni kwake, Khatibu alikuwa amesimama anawatazama, mikono kifuani. Asnath akaivuta simu, akashusha ukurasa hadi kwenye saa.

"Angalia hapa, mzee. Saa sita hadi saa nane hakuna kilichouzwa. Jumatatu hakuna. Jumanne hakuna. Siku zote sita."

Mansuri alivaa miwani yake. Akazipitia siku moja moja kwa kidole.

"Anakwenda wapi?"

Asnath alijua anakwenda wapi. Aliijua njia yenyewe, uji wenyewe, kile kitambaa cha bluu cha kumfutia mama mdomo. Angeweza kusema sentensi moja.

"Hilo mfumo hauwezi kusema," alijibu. "Unaonyesha saa tu."

Mzee akavua miwani. "Khatibu ni mtoto wa dada yangu," alisema. "Duka si mtoto wa dada yangu."

Alilipa siku hiyohiyo. Asnath alimsindikiza hadi katikati ya barabara na kumpa mkono, na safari hii Khatibu aliingia ndani.

Khatibu hakudumu hata miezi miwili. Mjomba alipoondoka, waliomdai walijua hana tena mtu nyuma yake, na waliokuwa wakimvumilia kwa heshima ya mzee waliacha kumvumilia. Akaamua kuhamia Kigoma kuuza simu, akaanza kuuza vitu vya duka. Mashine yake ya fotokopi, ile kubwa ya mezani, ilikosa mnunuzi, hadi Asnath alipotuma ujumbe kwamba ataichukua.

Khatibu alivuka barabara asubuhi ya siku ya soko. Alisalimia, akaulizwa hali, akajibu. Bei hawakubishana. Alisema atamtafuta mtu wa mkokoteni ailete.

"Beba mwenyewe," alisema Asnath.

Khatibu alimtazama. Pengine alidhani Asnath atacheka. Kisha akaenda, akaikumbatia mashine ile kifuani, akavuka nayo barabara akisimama mara tatu kupumzika, vijana wa bodaboda wakimtazama kutoka kwenye pikipiki zao na wanawake wenye vikapu vya muhogo wakimpisha. Shati lake lilichafuka kwa unga wa wino. Asnath alikaa kwenye kiti chake, akaangalia tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa tamu. Haikumwachia uchungu wowote, na usiseme kwamba kisasi hakina ladha. Mwenye kusema hivyo hajakisubiri miaka miwili. Alipoiweka chini, Khatibu alimwuliza kama sasa ameridhika. Asnath alisema aivute kidogo kushoto.

Wiki ya tatu baada ya hapo Mansuri alipiga simu. Alikuwa na upole uleule. Alisema kuna mabadiliko Kibondo, na kwenye mfumo amsaidie kufuta jina la Mwanahawa na kuweka la Pasikali, mume wa binti yake. Asnath aliuliza kama kuna tatizo. Mansuri alisema hakuna tatizo lolote. Hakumsema Mwanahawa vibaya, wala hakuwa amemwuliza chochote; alimlipa haki zake akamwachisha kazi.

Asnath alifungua kompyuta. Jina lilikuwa mstari wa kwanza. Kulifuta kulihitaji kubonyeza mara mbili, maana mwenyewe ndiye aliyeuwekea mfumo swali la kuuliza kama una uhakika. Akabonyeza mara mbili. Akajiambia wiki ijayo ataenda Kibondo kuzungumza naye. Wiki hiyo ikapita, na nyingine, na nyingine.

Mwezi wa saba Abbasi alilalamika. Mauzo ya Kibondo hayaji tena mchana, alisema. Yanakuja yote kwa mkupuo saa kumi na moja jioni, kama mvua ya mawe, na ukimwuliza muuzaji anasema umeme haukuwepo. Asnath alisema labda ni kweli, kwani umeme wa Kibondo wakati huo kila mtu aliujua. Wiki iliyofuata akapiga mteja mwingine na maneno hayohayo. Kisha Mansuri. Hata Pasikali, mkwe wake mwenyewe, umeme wake ulirudi saa kumi na moja kamili.

Asnath akapanda basi. Alifika Kibondo mchana, akaingia katika duka la Abbasi bila taarifa. Feni ilikuwa inazunguka. Kompyuta ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitenge, na juu yake lilikuwa limelala daftari la shule. Muuzaji, Stanislaus, kijana mpole aliyesomea ualimu akakosa ajira, hakujaribu kulificha. Alimletea kiti.

Alimweleza yote, kama anayemsaidia. Wanauza, wanaandika kwenye daftari, jioni wanawasha na kuingiza. Saa zote zinakuwa ni jioni, kwa hiyo hakuna saa. Mwenye duka hawezi kubisha, kwa sababu kweli umeme hukatika, na aliyeko Kasulu hawezi kuujua mkatiko wa kweli na wa uongo. Dada Mwanahawa ndiye aliyepita duka kwa duka kuwafundisha. Aliwaambia yeye alionwa kwa zile saa mbili za mama yake, nao wataonwa wakienda msikitini, wakienda kliniki, wakienda kuzika.

"Alitukataza kuiharibu," alisema Stanislaus. "Alisema ikiharibika wataleta nyingine. Iacheni nzima, isiwe na faida."

Mwanahawa alikuwa sokoni, na meza yake mwenyewe ya misumari, bawaba na makufuli. Alimwona Asnath akija tangu mbali na hakuinuka. Asnath alianza kwa kuomba radhi. Alikuwa ameyapanga maneno ndani ya basi, nayo yakatoka yote, hata yale ya kwamba hakujua mzee angemwondoa. Mwanahawa alimpimia mteja robo kilo, akamrudishia chenji, kisha akamgeukia.

"Ulijua," alisema. "Wewe na Khatibu mlikuwa na vita yenu. Mimi nilikuwa upande gani wa vita hiyo, hata ukanipiga?"

Saa sita ilipofika Mwanahawa alifunika meza kwa turubai, akaondoka kwenda nyumbani, na Asnath akamfuata bila kukaribishwa. Ndani, Mwanahawa alimwinua mama peke yake, na mama alikuwa mzito. Asnath akashika upande wa pili na hakufukuzwa. Yule bibi, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, aliuliza kwa Kiha ni nani huyo: "Ni nde?"

"Mtu wa kompyuta," alijibu Mwanahawa.

Walimwosha, wakambadilisha shuka, wakamlaza upande mwingine. Mlangoni Mwanahawa alisema kwamba bado kuna maduka mawili hajayafikia, moja la viatu na moja la simu, na kesho atakwenda. Hakusema kwa vitisho. Alisema kama mtu anayetaja ratiba ya kazi. Asnath aliitambua sauti hiyo, kwani alikuwa ameitumia yeye mwenyewe miaka miwili.

Muda wa kulipia ulipofika, Abbasi hakulipa. Wala wa pili, wala wa tatu. Hawakugombana naye, walisema tu kwamba mauzo ya jioni wanaweza kuyapata kwa simu bila kulipia mfumo. Mansuri peke yake ndiye aliyekuja mwenyewe dukani, akakaa, akaweka fimbo yake katikati ya magoti. Alisema ameelewa mchezo. Alitaka kitu ambacho hawawezi kukidanganya: mfumo uonyeshe kompyuta imewashwa saa ngapi na imezimwa na mkono wa mtu au na umeme. Kama jambo hilo linawezekana, atalipa mara mbili, na wenzake wanane atawarudisha yeye.

Liliwezekana. Asnath alikuwa ameshaliwaza ndani ya basi la kurudi kutoka Kibondo. Ilikuwa kazi ya siku mbili. Betri ya laptopu, inayojua umeme umekatika saa ngapi na umerudi saa ngapi, ingesema ukweli wote. Alimtazama mzee, akatazama ng'ambo, mahali palipokuwa duka la Khatibu ambapo sasa paliuzwa magodoro.

"Haiwezekani, mzee," alisema.

Mansuri alimwuliza kama ana uhakika. Alisema anao. Mzee akainuka, akamshukuru, akaenda zake, na biashara ya Asnath ikaishia pale, ingawa aliendelea kufungua mlango hadi Machi ya 2015. Baadaye alipata kazi ya kuangalia kompyuta za chuo kimoja cha ualimu. Wakufunzi walimpenda, alichapa pia barua, alipoombwa.

Mansuri naye hakukata tamaa. Mwaka huohuo alimrudia mpwa wake huko Kigoma, na Khatibu akaja hadi Kibondo kumfungia kamera juu ya mlango wa duka. Watu wa Kibondo walisema aliifunga vizuri sana.

Asnath hakumwambia Mwanahawa alichomjibu mzee. Mara moja moja walikutana stendi ya Kasulu, Mwanahawa akija kuchukua mzigo wa makufuli. Asnath alimwamkia. Mwanahawa aliitikia, akaulizia wazazi wa Nyakitonto, kama mtu yeyote anavyoulizia, kisha akageuka kuhesabu maboksi yake yaliyokuwa yanapandishwa juu ya basi.